Geuza kopo, nisomee nyuma

Nasuka nywele barazani kwangu Magomeni, Mtwara mjini. Mteja wa rasta ndogo hukaa mkekani masaa sita, pengine saba, na siku hizi masaa hayo nayatumia kusomewa lebo za vipodozi, nijue kipi kinaidhuru ngozi. Mteja akija na losheni yake, au mafuta ya kichwa anayotaka nimpake, namwambia, "Nisomee nyuma mwanangu, ya mbele tuwaachie wenye duka." Mikono yangu imo kwenye nywele, macho yake yamo kwenye maandishi madogo, tunakwenda jina kwa jina. Wasichana wa sekondari wanayatamka huku wanacheka. Mama mmoja aliyesomeshwa na masista kule Ndanda aliniambia nusu ya maneno yale yanamkumbusha misa ya zamani, na hakukosea: majina ya mimea kwenye lebo huandikwa Kilatini.

Udaktari wa ngozi sijausomea. Nimejifunza kwa kuumia. Nilizaliwa Tandahimba, na usichanani nilikuwa nabangua korosho. Aliyeifanya kazi hiyo anayajua mafuta ya ganda: meusi, mazito, yakikuingia katikati ya vidole ngozi inababuka na kumenyuka wiki nzima. Tulikuwa tunajipaka majivu na mafuta ya kula kabla ya kukaa chini. Kwa hiyo mikono yangu ilipoanza kupasuka miaka mingi baadaye, nikiwa msusi, wala sikushtuka. Nikasema ni kusi, upepo unakausha. Nikasema ni dawa ya nywele. Kope zikaanza kuamka zimevimba, nikasema ni vumbi. Nikabadilisha losheni tano ndani ya miezi minne, kila moja ghali kuliko mwenzake, na zote zilikuwa na maneno mazuri mbele.

Maneno hayo ya mbele tuyamalize haraka. "Hypoallergenic" maana yake wanataka uamini haileti mzio, lakini hata Marekani hakuna sheria inayosema kopo likidhi nini ndipo liandikwe hivyo. Kila kiwanda kinajipimia. "Dermatologically tested" inasema imejaribiwa, haisemi majibu yalikuwaje. "Natural" nitaifikia. "Unscented" ni ya kuangaliwa sana, kwa sababu inaweza kuwa imetiwa harufu ya kufunika harufu, ukanusa usisikie kitu na bado kilichokudhuru kimo. Unayoitafuta ni "fragrance free", yaani isiyotiwa harufu, na hiyo nayo unaihakikisha nyuma. Picha ya mtoto anayecheka haina maana yoyote. Mafuta mengi ya watoto yananukia kuliko ya mama zao.

Sasa geuza. Orodha huanza na neno "Ingredients", na majina yanapangwa kwa wingi: kilichotiwa kingi zaidi kinatangulia. Ndiyo maana losheni nyingi zinaanza na Aqua, yaani maji. Utaratibu huo unafuatwa mpaka kwenye vitu vilivyo chini ya asilimia 1. Kuanzia hapo kiwanda kinaruhusiwa kuvipanga kinavyotaka. Lebo haikuonyeshi mstari huo ulipo, ila kuna jina linalosaidia kuukisia: Phenoxyethanol. Ni kihifadhi, na Ulaya kina ukomo wa asilimia 1. Ukikiona, jua kwamba kinachokuja nyuma yake karibu chote ni cha kubana kwa vidole viwili.

Nikupe mfano niliosomewa mwezi uliopita, losheni ya asali na shubiri, chupa ya mililita 400, rangi ya dhahabu, mbele kuna picha ya mzinga na jani limekatwa linachuruzika. Nyuma: Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Stearic Acid, Dimethicone, Phenoxyethanol, Parfum, Aloe Barbadensis Leaf Juice, Mel, Linalool, Limonene, CI 19140. Mel ndiyo asali. Aloe Barbadensis ndiyo shubiri. Zote mbili ziko nyuma ya Phenoxyethanol, na nyuma ya manukato. Asilimia 1 ya chupa ile ni mililita 4. Kijiko cha chai hakijai. Na ile rangi ya dhahabu? CI 19140 ni rangi ya manjano ya kiwandani. Mteja wangu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo nimenunua mafuta ya maji yenye marashi." Nikamwambia hajapunjwa sana, maana Paraffinum Liquidum, Glycerin na Dimethicone ni vitu vipole vinavyoshika unyevu vizuri. Kwa ngozi inayochagua, shida ya chupa ile ilikuwa majina matatu tu: Parfum, Linalool, Limonene.

Hapo kwenye harufu ndipo nataka tukae.

Ukiona Parfum, Perfume au Fragrance, hilo si jina la kitu kimoja. Ni mfuko uliofungwa. Ndani unaweza kuwa na harufu kumi, hata hamsini, na kiwanda hakilazimiki kuzitaja zote. Tangu 2005 Ulaya wamevilazimisha viwanda kutaja kwa jina harufu 26 zinazojulikana kuleta mzio zikizidi kiwango fulani, na 2023 wakaiongeza orodha hiyo ikapita 80, wakavipa viwanda muda wa kujipanga. Ndiyo maana mwishoni mwa lebo nyingi unaona msururu wa Linalool, Limonene, Geraniol, Citral, Eugenol, Coumarin, Citronellol. Wengi hudhani hizo ni kemikali za ajabu. Tunazijua sana sisi watu wa pwani, tena kwa pua. Eugenol ni ile ya karafuu. Citral ni ya mchaichai. Geraniol imo kwenye waridi. Limonene imo kwenye ganda la chungwa, Linalool kwenye mrehani.

Nimewasinga maharusi wengi Mikindani, na singo yangu ilikuwa inasifiwa: liwa, karafuu iliyosagwa, asumini, marashi ya mawaridi. Bibi harusi mmoja alitoka vipele shingoni na kifuani siku mbili kabla ya ndoa. Mama yake alinitazama kama nimemroga. Siku zile nilisema ni jicho la watu. Leo najua nilimpaka karafuu mwili mzima, asubuhi na jioni, siku saba, binti ambaye hata sabuni ya kawaida ilikuwa inamwasha. Sasa nikiitwa kusinga nauliza kwanza, na kwa mwenye ngozi ya kuwashwa napaka liwa peke yake pajani siku chache kabla, akikaa salama tunaendelea, karafuu nafukizia nguo.

Kwa hiyo neno "natural" lisikulegeze. Ngozi haijui kama Eugenol imetoka shambani Pemba au kwenye pipa la kiwanda. Mafuta ya mlangilangi yataandikwa Cananga Odorata, ya limau Citrus Limon, ya mkaratusi Eucalyptus Globulus, na kwa ngozi nyeti yote hayo ni harufu hata kama neno Parfum halimo. Tena Linalool na Limonene zikikaa sana na hewa hubadilika zikawa za kuleta mzio zaidi kuliko zilivyokuwa mpya. Fikiria chupa iliyofunguliwa mwaka jana, imekaa dirishani na joto letu hili la mwezi wa kumi na moja. Angalia kale kapicha ka kopo lililo wazi lenye 6M au 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua. Mimi naandika tarehe ya kufungua chini ya kopo kwa kalamu ya wino mzito.

Mafuta ya mimea yasiyo na harufu kali ni habari nyingine. Cocos Nucifera ni nazi. Sesamum Indicum ni ufuta, huu huu unaojaza maghala Lindi. Butyrospermum Parkii ni siagi ya shea. Watu wengi wanakaa nayo vizuri. Tahadhari moja kwa wenzangu wa korosho: mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na utomvu wa ganda la embe una ndugu wa kile kinachochoma kwenye ganda la korosho. Kama uliwahi kubabuka kwenye kubangua, chochote chenye Mangifera Indica kijaribu padogo kwanza.

Majina mengine ya kukaa nayo macho nayapitia. Alcohol Denat., yaani spiriti, ikiwa kwenye majina matano ya mwanzo, kopo hilo litakukausha na kukuchoma. Lakini Cetyl Alcohol, Stearyl Alcohol na Cetearyl Alcohol usizikimbie: ni mafuta mazito kama nta, yamechangia jina tu na ile spiriti. Nimewahi kuona mtu anarudisha dukani losheni nzuri kwa sababu ya jina hilo. Kwenye sabuni ya maji na shampuu, Sodium Lauryl Sulfate ndiyo kali. Watafiti wakitaka kuiudhi ngozi makusudi ili wapime dawa, hiyo ndiyo wanayoipaka. Sodium Laureth Sulfate, herufi zinakaribiana, ni pole kidogo. Sabuni za kipande za kawaida huandikwa Sodium Palmate au Sodium Cocoate. Zinasafisha, ila zina ubesi, yaani ukali kama wa magadi, mwingi kuliko ngozi inavyopenda, na wakati wa kusi utaziona kwenye miguu iliyopauka. Kipande chenye Sodium Cocoyl Isethionate mwanzoni ni kipole zaidi.

Vihifadhi vinasemwa vibaya vyote kwa pamoja, na hapo sikubaliani. Kitu chenye maji, katika joto la Mtwara, bila kihifadhi kinaota ukungu kabla hujakimaliza, na losheni za kutengeneza nyumbani nimeziona zikigeuka. Paraben ndizo zinazotukanwa kuliko zote, lakini ni nadra kuleta mzio. Za kuogopa kwa mwenye ngozi yangu ni Methylisothiazolinone na dada yake Methylchloroisothiazolinone, halafu zile zinazotoa formalini kidogo kidogo: DMDM Hydantoin, Imidazolidinyl Urea, Diazolidinyl Urea, Quaternium-15. Huwezi kuyakariri? Hata mimi sikuyakariri. Nimeyaandika kwenye karatasi, nimeibandika ndani ya jalada la simu.

Sasa daftari. Orodha ya majina mabaya ya mtu mwingine, hata yangu, inakufikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki imo kwenye makopo ambayo tayari umeyatumia. Nilinunua kaunta buku, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika majina yote ya vitu vilivyonidhuru, kulia majina ya vitu nilivyotumia miaka na miaka bila neno. Binti wa jirani wa kidato cha pili ndiye aliyeniandikia, kwa malipo ya kusukwa twende kilioni.

Kushoto kulikuwa na vitu vitatu: shampuu ya dumu ninayowaoshea wateja, losheni ya mwili, na vile vitambaa vya majimaji vya kumfutia mjukuu wangu. Vitatu hivyo vilikuwa havifanani hata kidogo, kimoja cha nywele, kimoja cha mwili, kimoja cha makalio ya mtoto. Kulia kulikuwa na mafuta ya mgando, sabuni niliyoogea tangu niolewe, na losheni ya hospitali niliyopewa zamani. Tukaanza kukata. Aqua ipo pande zote, kata. Glycerin ipo pande zote, kata. Citric Acid, kata. Parfum ilikuwa kwenye vyote vya kushoto na kwenye sabuni yangu ya siku zote kulia. Hiyo hatukuikata, tukaiwekea alama ya kuuliza, maana mfuko wa kiwanda hiki si mfuko wa kiwanda kile. Mwisho likabaki jina moja lililokaa kushoto mara tatu na kulia halipo kabisa. Yule binti alilisoma kwa silabi, kama mtoto wa chekechea: me-thy-li-so... Methylisothiazolinone. Baadaye nikajua kwamba Ulaya walishalipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini tangu 2017, na kwenye vya kuosha wameliachia kiwango kidogo sana. Losheni yangu haikuwa imetoka Ulaya.

Niliviondoa vyote vitatu. Mikono haikupona kesho yake. Ilichukua karibu wiki sita, na kope ndizo zilizotulia mwanzo. Kope zenyewe sikuwa nazipaka chochote. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vinazipelekea.

Kabla ya kusherehekea nilijaribu kinyume chake, nikajipaka tena kimoja cha kushoto, kile kitambaa cha mtoto, na hili nakushauri ufanye na kitu chochote kipya. Chukua kiasi kidogo, paka eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, ndani ya kiwiko mkono unapokunjika. Asubuhi na jioni, palepale, siku saba. Ukiwa mwoga kama mimi, kumi. Kama ni sabuni au shampuu, suuza baada ya muda ule unaoitumia kawaida. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukichanganya viwili hujajaribu kitu. Kuchoma papo hapo ni kitu kuiudhi ngozi tu. Mzio huchelewa: mimi na kile kitambaa, siku tatu zilikuwa kimya, siku ya nne paliwasha usiku na asubuhi palikuwa na vipele vidogo kama chumvi. Mtu anayepaka mara moja na kusema "mbona kimenikubali" amekurupuka.

Na usikae kungojea wekundu. Maelezo mengi yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu utaona pameiva na kuwa peusi zaidi, au pamepauka kijivu, pana joto ukigusa, pamekakamaa, pana vijipele unavyovisikia kwa kidole kabla ya kuviona. Doa jeusi linalobaki baadaye ndilo linalotupeleka kwenye shimo jingine, yaani mkorogo.

Msimu wa korosho pesa zikishaingia, vikopo vya kung'arisha vinauzwa mpaka kwenye meza za vitafunwa. Hapa sheria yangu ni fupi. Kisicho na orodha sinunui, hata kama muuzaji ni shoga yangu. Cha kupimiwa kwenye kikopo kingine, hapana. Chenye kibandiko juu ya orodha, nabandua kibandiko hapo hapo dukani. Hydroquinone, au zebaki kwa majina yake, Mercury, Calomel, Mercurous Chloride: rudisha. Wengine zebaki hawaiandiki, lakini wanaonya kopo lisigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu. Onyo hilo peke yake linatosha kukuondoa. Tanzania vitu hivyo ni marufuku kwenye vipodozi, na usimamizi wake tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango.

Wenye ngozi nyeti wanakamatwa zaidi na Clobetasol Propionate na Betamethasone. Hizo ni dawa, anaandika daktari, kwa siku alizohesabu. Ukipaka usoni, muwasho unatulia kwa siku mbili tatu na unaona umepata mwokozi. Mteja wangu mmoja alipaka miezi minane. Alipoacha, uso uliwaka, ukatoka vipele kuliko mwanzo, akarudia kupaka, ukatulia, akaacha, ukawaka. Nilipokuwa nasuka karibu na paji lake niliona vishipa chini ya ngozi, ngozi yenyewe nyembamba kama ganda la kitunguu. Yeye nilimwambia asiache ghafla peke yake, aende hospitali ya Ligula na kikopo chake mkononi. Nawe ukiwa na uso uliovimba, ngozi inayotoa maji, au upele usioisha wiki mbili, nenda hospitali, na beba makopo yote kwenye mfuko wa rambo. Ukisema tu "nilipaka losheni ya kijani", daktari hana atakachokusaidia.

Na kuna wakati kopo linasingiziwa. Mikorosho ikichanua watu wanapuliza salfa, na ule unga unatua kwenye nguo zilizoanikwa, shingoni, kwenye mikunjo ya macho. Kila mwaka kuna mama anayeniletea losheni akilalamika, namuuliza, "Shambani ulikwenda lini?" Muwasho wa kola na viwiko kipindi hicho nauhesabu kwanza kwa salfa. Oga, fua nguo za shamba peke yake, subiri siku chache ndipo uilaumu losheni.

Utaniuliza mimi natumia nini. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, ambayo orodha yake nzima ni neno moja, Petrolatum, nayapaka mikono ikiwa bado na umajimaji. Mchana, losheni yenye Glycerin karibu na mwanzo, Ceramide NP na Panthenol, za kutunza unyevu wa ngozi, zikiwemo, Parfum haimo. Ya kuoshea wateja nilibadilisha, na navaa glovu.

Jambo la mwisho ni boksi. Krimu nyingi za tyubu zina orodha kwenye boksi la karatasi tu, tyubu yenyewe haina nafasi, na boksi ndilo tunalotupa kabla hatujafika nyumbani. Mimi nakata ule upande wenye orodha kwa mkasi, naandika tarehe na bei, natia ndani ya kaunta buku. Lile la losheni ya asali na shubiri mteja wangu aliniachia. Kwenye ukurasa wake yeye liko upande wa kulia, kwa sababu aliijaribu losheni hiyo siku kumi na haikumfanya kitu. Kwenye ukurasa wangu mwenyewe liko kushoto.